Si Haba

Kazi ya kupokea simu za wateja wenye matusi ilimvuruga akili Glenys mpaka akaiacha. Nyumbani, hata kuoga kulimshinda. Lakini siku ya kuhojiwa na serikali kuhusu posho ya wagonjwa wasioweza kufanya kazi alijikokota akaosha nywele, akapiga pasi blauzi, maana kwao mjini Grimsby mtu haendi kwa watu akiwa ovyo.

"Hujambo, mama?" afisa akamuuliza.

"Sijambo, mwanangu. Si haba."

Ndivyo wajibuvyo wote Grimsby, hata anayekata roho. Akanyimwa posho: si mwenyewe kasema hajambo?

Wiki moja baadaye, alipotoa pipa la taka, jirani akamwita kutoka ng'ambo ya ua. "Mzima, Glenys?"

Akaegemeza pipa ukutani.

"Si haba," akajibu. Wiki nzima hakuwa amesema neno jingine na mtu.