Nyigu walitaka kututoa kwenye likizo yetu Durban, mke wangu akagoma

Habari zenu wakuu. Leo sina swali, nina tukio langu mwenyewe, na sio chai. Anayebisha aje nimwonyeshe sikio.

Ni Disemba 2013, Durban. Mimi Mtanzania, nilikuwa napakua makontena kwenye godown moja Clairwood. Mke wangu Furaha ni Mkongo wa Uvira, anasuka kwenye salon pale Warwick Junction.

Miaka yote tuliyoishi kule tuko mji wa bahari, lakini dirisha la chumba chetu linatazama ukuta.

Nikamwahidi likizo. Mtoto wetu Neema tukamwacha kwa shemeji, tukakodi chumba weekend nzima kwenye nyumba ya wageni kule Bluff. Kina veranda inayotazama bahari. Furaha alitaka kitu kimoja tu: ale chakula chake pale, amekaa, bila mtu kumharakisha.

Tukafika. Akapanga mezani fufu, sombe (kisamvu chao) na makayabu, wale samaki wa chumvi Wakongo wanaowapenda kuliko waume zao.

Mimi nikatoka na vinywaji, nikabamiza mlango kama nilivyozoea godown.

Wakuu, juu ya mlango ule kulikuwa na kiota cha nyigu!

Walishuka wote. Furaha akachomwa shingoni, tukakimbilia ndani, chakula kikabaki nje.

Hapo ndipo nilipojitia ubingwa. Nilishasikia kwa wadada wa salon kwamba spray ya kukazia nywele inagandisha mabawa ya mdudu. Na Furaha hasafiri bila makopo yake (wenye wake wa salon wananielewa).

Nikachomoa kopo kwenye begi, nikatoka kifua mbele, nikapuliza kiota mpaka kikalowa.

Haikuwa ya kukazia. Ilikuwa oil sheen, ile ya kung'arisha nywele.

Nyigu hawakuganda. Walitoka wanameremeta kama maharusi, wakanishukia sikioni na kwenye mdomo wa juu. Furaha, na shingo yake imevimba, alicheka mpaka akakaa chini.

Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Aunty, akaja na barafu.

"Eish, shame, my darling," akaniambia (kule "shame" ni pole). "Take the back room. Nice and quiet."

Mama mwema, simlaumu, hata yeye hakujua kama kuna kiota. Nikashukuru, nikaanza kubeba mabegi. Nikaenda kuchungulia hicho chumba cha nyuma. Dirisha lake linatazama ukuta.

Kurudi, namkuta Furaha amesimama katikati ya mlango, hacheki tena.

"Papa Neema, weka ile begi chini. Uvira nilitoka mbio. Mu 2008, hapahapa Durban, batu balikuja na fimbo kufukuza bageni, nikatoka mbio mu chumba yetu, tukalala mu kanisa. Leo nitoke tena, juu ya badudu? Miye sitoke."

Wakuu, niliona aibu. Mimi mwanaume nilishakubali ukuta.

Nyigu walipotulia, akajifunga kitenge kichwani mpaka shingoni, akafungua mlango polepole. Tukabeba meza hadi kona ya mwisho ya veranda, mbali na kiota. Akapanga chakula upya, akakaa akitazama bahari. Nikakaa naye, mdomo umevimba hata tonge linapita kwa shida.

Nyigu mmoja akaja, akatua kwenye mkono wake. Mimi nikafunika sikio.

Furaha hakumpiga, wala hakuutikisa mkono. Alimtazama tu, akasema kwa Kizulu, "Hamba wena."

Yaani ondoka wewe. Hilo neno, wakuu, tumeambiwa sana sisi wageni. Sikuwahi kumsikia Furaha akimwambia yeyote.

Yule mdudu akazungukazunguka, akaenda zake. Mke wangu akamega tonge.

Hatukuhama. Tulikula palepale mpaka weekend ikaisha.

Funzo: soma kopo kabla hujapuliza, na usibamize mlango usiojua juu yake kuna nini. Ila kubwa ni hili: mahali ulipokaa kwa haki yako, usiwe mwepesi wa kubeba begi kama mimi.

Mlioko ugenini, tupeni na zenu. Ni lini ulisema sasa basi, hapa sitoki? Na wenye kunicheka mdomo, ruksa, nimeshazoea.