Elbo ya Fundi Mabomba

Kwa miaka ishirini fundi mabomba hakumruhusu mtu yeyote aguse elbo ya tangi lake la maji, kile kiungo kilichopinda cha bomba la kutoka paani. Kiangazi kikianza, aliigeuza ielekee mtaroni. Mvua ya kwanza ikinyesha, aliacha paa lioshwe mpaka maji yatakate, ndipo akaielekeza tangini.

"Maji ya kwanza ni ya paa, ya pili ndiyo ya watu," alizoea kusema. Mkewe akitaka kumsaidia, alimtania: "Mama, mimi sigusi sufuria zako, nawe niachie mabomba yangu."

Kisha kiharusi kikamwangusha, mvua za msimu uliopita zikiwa bado hazijaisha. Tangu siku hiyo alilala kitandani kando ya dirisha, na elbo ikabaki vilevile, mdomo ndani ya tangi. Aliiona kila siku kama mtu anavyoziona kucha zake, asiitilie maanani.

Mchana mmoja, kiangazi kikielekea mwisho, mkewe alikuwa amempeleka mjukuu wao zahanati kwa mara ya tatu. Maji ya kisima yalimharisha mtoto hadi shingo ikawa kama uzi, na mganga alikwisha kuagiza anywe maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa. Ndiyo maana jana yake mkewe alilisugua tangi kwa brashi mpaka likang'aa. Lakini gereji ya jirani ilikuwa imepuliza rangi za magari wiki nzima, na vumbi jekundu lilitanda juu ya bati lao.

Matone yakaanza. Hapo ndipo fundi alipoiona elbo.

"Shemeji!" alimwita mke wa jirani, aliyekuwa akikimbia kuanua nguo. "Geuza elbo! Elbo!"

Bati likanguruma. Sauti ya fundi, ambayo tangu augue ilikuwa ya kukokota, ikafia mdomoni. Jirani aliona tu mkono wa kushoto ukipunga dirishani, akacheka, naye akapunga.

"Furahi, shemeji! Leo hata vyura wanaoa!"

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Fundi alijivuta hadi ukingoni mwa kitanda. Mguu mmoja ulitii, wa pili ukalala kama gogo. Kutoka dirishani hadi tangini zilikuwa hatua nne. Alitazama maji mekundu yakiporomoka ndani, kisha ya waridi, kisha meupe.

Mkewe alirudi amelowa chapachapa, mtoto mgongoni, uso umechangamka.

"Mzee, limejaa! Limejaa pomoni! Nawasha jiko sasa hivi."

"Usiwashe, mama."

"Kwa nini?"

"Elbo ilikuwa tangini. Rangi yote ya gereji imeingia humo."

"Si nitachemsha?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Rangi haifi."

Mkewe alisimama, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kanga. Mtoto akalia, kilio chembamba kisicho na machozi.

"Miaka yote hiyo," alisema taratibu, "ungenifundisha siku moja tu."

Fundi alimtazama mtoto. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake alikuwa na miaka miwili.

Mkewe akatoka, akafungua koki ya chini. Maji yakamiminika mtaroni. Kisha akapanda juu ya ndoo, akaishika elbo kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti, "Naigeuza upande gani?"

"Iache ilivyo," alijibu fundi. "Paa sasa ni safi."

Wote wawili wakatazama juu. Mvua ilikuwa imekatika.