Tuliwapikia wageni pilau tukakosa ufadhili: jinsi kituo chetu cha watoto mtaani Tena kilivyopona

Wakuu, natumai mko salama. Mimi ni mwanachama wa siku nyingi humu, ingawa huwa nasoma kuliko kuandika. Leo nimefungua uzi wangu mwenyewe kwa sababu furaha niliyo nayo haitoshei ndani ya nyumba.

Kila ninachosema ni kweli. Majirani zangu kadhaa wako humu, na hawanipendi kiasi cha kunyamaza nikiwadanganya.

Twende.

Mimi ni fundi wa viti. Kibanda changu kiko Donholm kando ya Outer Ring, nashona sofa na kubadilisha vitambaa. Nyumbani ni mtaa wa Tena, hapa hapa Eastlands ya Nairobi. Mke wangu anafanya kazi kiwandani, anatoka alfajiri na kurudi jioni.

Tuna binti anaitwa Neema. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, haongei, lakini anacheka sana, na akikucheka utajua umechekwa.

Wenye watoto kama wetu wanajua shida kubwa ni mchana. Ukienda kazini unamwacha na nani? Ayah akiingia akimwona mtoto, anakumbuka ghafla kwamba ana msiba kwao. Kwa muda mrefu tulikuwa tunamfungia Neema ndani kwa kufuli, jirani akichungulia dirishani akipata nafasi.

Najua wengine mtanihukumu. Hukumuni tu. Hapa Eastlands kuna milango mingi iliyofungwa hivyo, na mnapita nje kila siku bila kujua.

Aliyetutoa huko ni Mama Zuhura. Huyu mama anauza vitambaa vya jumla Eastleigh, na mwanawe Abdi ana hali kama ya Neema, pamoja na kifafa juu yake. Alituita wazazi tuliojuana kliniki, akatueleza wazo lake.

Nyote mnajua merry-go-round ya chama, ambapo kila mtu anapokea pesa kwa zamu yake. Mama Zuhura alisema sisi pesa za kuzungusha hatuna, kwa hiyo tuzungushe siku. Kila mzazi achague siku moja ya wiki, akae na watoto wote. Siku zilizobaki aende akatafute riziki bila wasiwasi.

Ndiyo hivyo tukaanza. Tulikodi chumba cha chini kwenye jengo moja hapa Tena, tukatandika magodoro, tukawa na zamu za watu wawili wawili. Mimi nilikuwa mwanaume pekee. Wale mama walinicheka wiki ya kwanza nilivyokuwa nashika nepi kama inataka kuniuma. Wiki ya pili wakazoea, na mimi nikazoea.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwenye jengo alipokuja na habari zake. Hakuwa na ubaya, aliongea kwa heshima. Alisema, "Nataka kueka maduka hapa chini. Mwisho wa mwaka mnipatie nyumba yangu, please." 

Chumba kingine cha chini ambacho kiti cha magurudumu kinaingia, chenye choo kinachofaa, bei yake haikuwa ya watu kama sisi. Kituo kikifungwa, Neema anarudi kwenye kufuli. Nilikuwa nashona sofa za watu huku nafikiria hilo tu.

Ndipo Mama Kamau, mweka hazina wetu, mama mboga mwenye mdomo mrefu na moyo mrefu zaidi, akasikia kanisani kwamba kuna mfuko wa huduma za jamii unaosaidia vikundi vidogo vyenye usajili. Jina la mfuko sitaji, msinisumbue inbox.

Usajili tulikuwa nao. Katiba tulikuwa nayo. Barua ya chifu tukapata. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo fomu nilijaza mimi, na komiti yote ikiwa imenikalia kichwani.

Kulikuwa na sehemu inauliza kikundi chenyewe kinachangia nini kwenye mradi. Tukaangaliana. Akaunti yetu ilikuwa tupu kama sufuria ya jana. Tukakubaliana tuandike ukweli, kwamba hatuna.

Baada ya muda tukaambiwa tumepita hatua ya kwanza na maafisa watakuja kutuona.

Wakuu, hapa ndipo tulipoharibu.

Nyinyi mnajua sisi watu wa Eastlands tukisikia neno wageni. Hatuwezi kujizuia. Komiti ilikaa jioni ile ile na agenda ilikuwa moja, mapokezi. Tukakodi hema na viti vya plastiki. Tukatafuta MC. Kwaya ya kina mama ikashonewa vitambaa vya kichwa. Mama Zuhura akajitolea pilau, na nyama akaleta yeye mwenyewe.

Mtu mmoja aliuliza kama kweli hayo yote yanahitajika. Mama Kamau alimjibu haraka, "Wageni huwezi waita alafu wakae na njaa. Hiyo ni aibu, watasema nini huko town?"

Tatizo likawa spika. Watoto wetu wanaogopa kelele. Abdi hasa, kelele kubwa humletea kifafa. Kwa hiyo kwa mapenzi yetu yote tuliamua watoto wasiwepo. Tuliwapeleka nyumbani kwa Mama Kamau kule Umoja, wakakaa na dada zake, na chumba tukakiosha mpaka sakafu ikang'aa.

Maafisa wakafika. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mpole wa viatu vya raba, tumwite Bi Auma. Walipokelewa kwa nyimbo, wakavishwa mashada, wakasikiliza hotuba. Zilikuwa nyingi. Hata mwenye jengo alihutubia, na ndiye aliyekuwa anatufukuza.

Bi Auma aliinuka akaenda kuangalia kile chumba. Alisimama mlangoni akatazama magodoro yaliyopangwa vizuri. Kisha akaniuliza, "Na watoto wako wapi?"

Nikamwambia wako Umoja wamepumzika. Akaitikia kwa kichwa. Alikula pilau, alisifu pilau, wakaenda.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi na la adabu. Walisema hawakuona huduma inayotolewa, na kikundi hakikuonyesha mchango wake. Mama Kamau alilia hadharani, pale pale kwenye meza yake ya sukuma wiki. Mimi nilirudi kibandani nikashona mto upande usiofaa, nikaufumua, nikaushona tena vibaya.

Nawaambia ukweli, niliwakasirikia wale maafisa sana. Nilisema watu wamekula nyama yetu na kutunyima. Ilinichukua muda kuona kwamba kosa lilikuwa letu sote. Tuliandaa harambee wakati mtu alikuwa amekuja kuona kazi.

Bahati nzuri mlango haukufungwa kabisa. Mwaka ukiwa bado haujaisha, ule mfuko ulitangaza awamu nyingine, na kabla yake kukawa na mafunzo ya bure kwa vikundi, kwenye ukumbi wa kanisa Donholm. Nilifunga kibanda nikaenda na Mama Zuhura.

Aliyefundisha alikuwa Bi Auma yule yule. Mama Zuhura alitaka tukae nyuma asituone. Nikamwambia hapana, tukae mbele kabisa, aibu tulishaimaliza na pilau.

Wakati wa maswali nilisimama. Niliuliza kikundi kisicho na pesa kinaandika nini kwenye ile sehemu ya mchango. Akauliza watoto wetu huwa wanaangaliwa na nani. Nikamweleza zamu zetu, jinsi tunavyozungusha siku badala ya pesa. Akaacha kuandika ubaoni akageuka.

"Kwa nini hamkuandika hiyo?" akasema. "Hiyo kazi mkimlipa mtu awafanyie ni pesa. Huo ndio mchango wenu, na ni mkubwa."

Mama Zuhura alinifinya mkono mpaka ukauma. Miaka yote ile tulidhani zamu ni dalili ya umaskini wetu, kitu cha kuficha mpaka tupate wafanyakazi wa kweli wenye makoti meupe. Kumbe ndicho kitu tulichokuwa nacho.

Tuliandika upya kila kitu. Tuliuliza mtaani ayah analipwa nini kwa siku, tukaweka hesabu ya zamu zetu kwa bei hiyo kama mchango wa kikundi. Kwenye mahitaji tuliomba vitu tulivyovihitaji kweli: kodi ya chumba kipya, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, choo kipana. Tukapeleka.

Safari hii hawakusema watakuja siku gani. Walisema tu watapita.

Walipita siku ya zamu yangu.

Wakuu, mvua ilikuwa imenyesha. Nepi zilikuwa zimeanikwa ndani, chumba kinanuka sabuni na uji. Mwenzangu wa zamu alikuwa amempeleka mwanawe kliniki asubuhi hiyo, kwa hiyo nilikuwa peke yangu nikingoja arudi. Nimekaa chini, Neema mapajani, namlisha uji kwa kijiko, na aproni ya maua ya mke wangu iko kifuani. Nikainua macho, Bi Auma yuko mlangoni na raba zake zina matope.

Nilitaka kuinuka. Akanizuia kwa mkono. "Endelea tu, mzee. Usisimame kwa ajili yangu."

Dakika ile ile Abdi akashikwa na kifafa. Sikufikiria mgeni tena. Nilimkabidhi Bi Auma mtoto, bakuli na kijiko, nikaenda kwa Abdi. Nikamgeuza ubavu, nikaweka nguo laini chini ya kichwa, nikakaa naye nikimwongelesha polepole mpaka ikapita na akalala.

Nilipogeuka, Bi Auma alikuwa ameketi kwenye godoro anamlisha Neema. Neema alimtazama vizuri, akaujaza mdomo uji, akamtemea wote kwenye blauzi. Kisha akacheka. Mnakumbuka nilivyowaambia, akikucheka utajua.

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alijifuta kwa leso, akachota kijiko kingine, akajaribu tena.

Alikaa muda mrefu. Aliuliza majina ya watoto mmoja mmoja na mimi nikamtajia, na nani hapendi kuguswa kichwani, na nani hulala na taa. Chai nilimkaribisha. Haikuwa na maziwa.

Jioni nilipowaeleza wenzangu, Mama Zuhura alishika kichwa. "Baba Neema, umetumaliza," akasema. Mama Kamau alitaka kujua kwa nini hata ile aproni sikuivua. Sikulala vizuri wiki nzima.

Halafu simu ikalia nikiwa na misumari mdomoni. Tumepewa. Kodi, mteremko, choo, vyote.

Nilitema misumari nikapiga kelele mpaka wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakasimama. Sioni haya kusema nililia. Nilifunga kibanda saa ile ile, nikaenda kwa miguu hadi kituoni, nikambeba Neema nikamzungusha chumbani mpaka sote tukachoka. Mama Kamau naye aligawa nyanya bure mtaani, na kwa anayemjua, hilo peke yake ni habari ya gazeti.

Sasa tuko kwenye chumba kipya, bado hapa hapa Tena. Viti vya magurudumu vinaingia vyenyewe. Choo kina nafasi ya mzazi kugeuka bila kugonga kiwiko.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mlikuwa na mtu ndani". Hatukuwa na mtu. Nilichojifunza ni kwamba anayetoa pesa anataka kuona kazi ikifanyika, hata ikiwa imechafuka, na kwamba msione haya kuandika jasho lenu kwenye bajeti. Pia fomu ijazwe na wanaofanya kazi yenyewe. Na hema muache kwa mwenye hema.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Dandora, amembeba mgongoni kijana mkubwa ambaye miguu yake ilikuwa karibu iguse chini. Alisimama nje, hakuingia, akauliza kwa sauti ndogo kiingilio ni pesa ngapi. Mama Zuhura akamshusha yule kijana, akamlaza godoroni karibu na Neema, kisha akamuuliza yule mama ni siku gani ya wiki angependa iwe yake.

Akasema Jumatano.

Wenye vikundi Umoja, Kayole, Dandora na kwingineko, mlijaribu mkafika wapi? Na mliokataliwa, semeni mliambiwa nini. Niko hapa nawasoma, sofa za leo zimeisha.