Kabini Iliyolaliwa Shavu

Jamani, mimi nimeshajicheka. Sasa ni zamu yenu. Juzi nilimsindikiza Dada Rehema, mfanyabiashara mwenzangu wa Unguja, kwa laoban, yaani bosi wa Kichina, anayetuuzia jinzi huku kwao Kangle. Ukutani ilining'inia bunduki fupi, kuukuu. Nikaitungua kwa mbwembwe.

"Kabini ya jeshi la Mwingereza hii," nikatangaza. "Ni nyepesi hivi kwa sababu ilibebwa na wapanda farasi. Tazama kitako kilivyobonyea: ni shavu la askari, miaka nenda miaka rudi. Babu yangu alikuwa askari wa mkoloni. Huenda ni shavu lake! Wapenda vitu vya kale watakupa hela ya kontena la jinzi, dada."

Rehema akafungua pochi. Laoban, anayejua Kiswahili cha biashara, akauliza, "Rafiki, ngapi?"

"Kwani kuna ya pili?" nikashangaa.

Akavuta boksi chini ya meza. Zilijaa humo bunduki kama ile, za mbao tupu, mapambo ya maduka, zote zimebonyea palepale.

"Chakavu kidogo, chakavu sana, zote ziko," akasema. "Tunapiga msasa, kama jinzi zako."

Rehema akafunga pochi, akanigeukia taratibu. "Hebu niambie, babu yako alikuwa na mashavu mangapi?"