Pamba Kwenye Chujio

Juzi pale Ngokolo pikapu ilinipita ikitema moshi mweusi, na harufu yake ikanirudisha kwetu Kishapu, alasiri ile baba alipokuwa akijiandaa kwenda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, Geita. Fundi alipitisha kidole ndani ya ekzosi ya pikapu ya baba, kikatoka na masizi mazito.

"Baba Kulwa, gari linakosa hewa," alisema, akafungua chujio. Lilikuwa limeshindiliwa pamba.

"Panya hao," baba akacheka.

Pamba niliitia mimi, nikiamini gari lisilopumua halisafiri. Fundi akaitoa yote, injini ikanguruma vizuri, na baba akaondoka akinipungia mkono.

Walioleta mwili wake walisema duara halikumwangukia. Kule chini, hewa ndiyo iliyomwishia.