Muhuri wa Bibi Cuendet

Siku Gilles Rochat alipokutana na Josiane Cuendet mara ya kwanza, alikuwa amechelewa. Ilikuwa Alhamisi ya Januari, Lausanne, naye amekumbatia boksi la pete za chuma alizotaka ziidhinishwe kwa mashindano ya dunia ya kurusha pete. Bila muhuri wa shirikisho la kimataifa hakuna nchi ingezigusa, na kiwandani kwake alishatengeneza elfu mbili.

Bibi Cuendet, mkaguzi wa vifaa, aliishika moja kwa vidole viwili.

"Baridi kama barafu. Imetoka kwenye gari?"

"Imetoka kiwandani kwangu Yverdon, Bibi. Pima tu, tumalize."

"Lazima zilale chumba hiki saa ishirini na nne kwanza, zipate joto lake. Mwisho wa kupima ni kesho saa kumi na moja jioni. Sasa ni kumi na moja na dakika ishirini. Wewe Mswisi kweli, au ulizaliwa safarini?"

"Dakika ishirini! Chuma kitanenepa?"

"Hakinenepi. Ila kuna Mkorea, naye muuza pete, kafika tangu Jumatatu, anangoja hotelini. Nimwambie nini?"

Rochat akatupa karata yake: punguzo la robo bei kwa nchi zisizo na uwezo. Bibi Cuendet akaandika. "Kamati itafurahi. Pete bado baridi."

Ikabidi ampigie simu rais wa shirikisho, ambaye walikuwa pamoja jeshini. Rais akashuka ngazi, koti begani.

"Josiane, usitutie aibu bwana. Huyu ni mwenzangu."

"Niandikie hapa, Rais, kwamba nizipime hivyo hivyo. Utie sahihi, nami napima sasa hivi."

Rais aliitazama kalamu, akavaa glavu, akaondoka.

Mwaka ule Rochat aliziuza pete zake kwa kambi za watoto, kwa hasara. Mwaka uliofuata alifika Jumatatu asubuhi, akapata muhuri. Ndipo alipogundua kwamba wanunuzi wa Montreal na Osaka hawakuuliza ubora. Waliuliza kama aliyepima ni Cuendet. Akapandisha bei, wakalipa.

Orodha ya wanaosafiri kwenda mashindanoni iliandaliwa na rais, na tangu Alhamisi ile jina la Bibi Cuendet halikuonekana tena humo. Rochat alimpa tiketi. Bibi akairudisha, maana ilitoka kwa muuzaji. Alistaafu baada ya miaka thelathini na mmoja, bila kuona tena fainali hata moja. Rochat ana viwanda viwili.