Nilivyokataa kwa Kichwa

Binti wa madam wangu wa mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, alikuwa anasomea mambo ya filamu Riyadh, na mwalimu wao akawapa kazi ya ajabu. Kuna filamu ya mapenzi ya zamani mno, bubu kabisa, ambayo haipo tena duniani. Nakala zote ziliungua, zikabaki picha chache na maelezo ya hadithi. Sasa watoto wa watu wanalipiwa karo waitengeneze upya, kipande kwa kipande.

Likizoni akaja Jeddah akatuajiri bure, mimi mfanyakazi wa ndani na dereva wao, Mkenya mwenzangu wa Bungoma. Kwa miaka miwili mimi na huyo mwanamume tulikuwa tumeongea habari za mitungi ya gesi tu, kwa kuogopa macho ya madam. Nilikuwa nampenda. Hilo tulilijua mimi na pasi yangu.

Katika hadithi, jamaa anapiga magoti anaposa, na bibiye anatikisa kichwa kukataa.

"Yalla, semeni chochote," binti akasema. "Mafi sauti, hakuna atakayesikia."

Dereva akapiga magoti kwenye zulia la wageni, akasema kwa Kiswahili, "Dada, mimi siigizi. Nataka kukuoa. Nijibu."

Papo hapo binti akafungulia kinanda kwenye spika, eti cha kuleta huzuni, kikanguruma kama jenereta. Nikasema ndiyo. Nilisema mara tatu. Lakini kichwa kilikuwa kimeshapewa amri yake, kinaenda kushoto kulia kama feni, na yule bwana akaamini kichwa.

Wiki hiyohiyo akaomba ahamishiwe kwa kakake baba wa binti, huko Riyadh. Mimi nami nikajishaua: akinitaka, atapiga simu. Ujinga mtupu.

Akapiga baada ya miezi minne. Binti alikuwa amemwonyesha filamu garini, nje ya chuo. Pale midomo yangu iliposema ndiyo, alikuwa amekata akabandika kibao cheusi chenye maandishi ya Kiarabu: La.

"Unajua kukataa, wewe," dereva akaniambia.

"Nilisema ndiyo, bwege wewe."

Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema mamake amemtafutia msichana huko nyumbani, na wazee wameshakubaliana.

Niliumia. Nikamwambia hongera, nikacheka sana, na hilo nalo akaliamini.